Matroni Mezani

Matroni hakupenda kuona mtu akila amesimama. Alituambia hivyo darasani mara nyingi, ilhali sote tulijua kwamba yeye mwenyewe, kila adhuhuri ya siku ya kazi, alikula githeri yake ya mahindi na maharagwe ndani ya gari, injini ikinguruma ili apate joto, kijiko kikipanda na kushuka kama cha mtu anayefukuzwa. Baada ya dakika tano kopo lilikuwa limefungwa, midomo imepanguswa, naye yuko njiani kurudi kwa wagonjwa wake. Ukimkumbusha maneno yake, alikuambia ile haikuwa kula, ilikuwa kutia gari mafuta.

Ukifika Minnesota kutoka Kenya miaka ile, na huna cheti chochote isipokuwa cha kidato cha nne, uliambiwa uende kwa Matroni. Alikuwa muuguzi mkuu katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Saint Paul, na jioni mbili kwa wiki alitufundisha bure katika ukumbi wa chini wa kanisa letu pale Richfield, mpaka tuwe tayari kufanya mtihani wa wasaidizi wa wauguzi. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani pake, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitamka. Hata mchungaji alimwita Matroni.

Somo la kumwosha mgonjwa alilimaliza siku moja. La kumgeuza kitandani, siku mbili. La kulisha lilichukua wiki tatu. Alitupanga wawili wawili, mmoja akafumba macho na mikono akaiweka mapajani, mwenzake akamlisha bakuli zima la uji. Mimi nililishwa na dada mmoja Mkongomani kutoka Bukavu, mpole kabisa, lakini siku hiyo alikuwa na haraka ya kuwahi basi. Nilipofumbua macho Matroni alikuwa amesimama mbele yangu.

"Umeonja nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sikuonja kitu, nilikuwa nikiogopa kijiko kinachofuata.

"Liandike hilo," akasema. Na akangoja mpaka nilipoliandika.

Alitaka tumtazame mgonjwa kooni, si usoni. Koo likipanda na kushuka, ndipo kijiko cha pili kiondoke bakulini. Alitaka kidevu kiinamishwe kidogo, televisheni izimwe, na anayelisha aketi, hata kama ana wagonjwa wengine tisa wanaomsubiri. Tulimwona mkali, na alikuwa mkali. Msichana mmoja aliyecheka mzee alipojimwagia maziwa, siku tuliyopelekwa kazini kwake kujifunza, hakurudi tena darasani, na hakuna aliyethubutu kumwombea.

Mimi pia alinifukuza. Ilikuwa Januari, theluji imesimamisha mabasi, nikafika nimechelewa karibu saa nzima, miguu haina hisia. Alinionyesha mlango bila kunisikiliza. Juma lililofuata, nilipotoka nyumbani kwenda kituoni, nilikuta gari lake limesimama mbele ya jengo letu. Akafungua mlango. Hakuomba radhi na sikuiulizia. Alinichukua hivyo kila jioni ya darasa hadi majira ya baridi yalipokwisha, akiendesha taratibu mno upande wa kulia kabisa wa barabara kuu, malori yakitupigia honi, yeye akisikiliza taarifa ya habari.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na sebule, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zikipita vikombe viligongana kabatini. Jikoni mlikuwa na sufuria moja tu, ya chai, na watu walishangaa kwamba mwanamke aliyejua sana mambo ya kulisha watu hakuwa na hata mwiko. Githeri aliletewa na jirani. Kwenye matanga, akina mama walipogawana nani alete pilau na nani alete chapati, Matroni hakuandikwa popote. Lakini yeye ndiye aliyekaa kando ya mfiwa, sahani mkononi, akizungumza naye mambo mengine kabisa, mpaka unashtukia mfiwa amekula nusu sahani bila kujua.

Kilichowasumbua watu zaidi ni kwamba mara nne kwa mwaka, kila msimu unapobadilika, Matroni alivaa gauni lake la buluu akaenda peke yake mjini Minneapolis kula katika mkahawa wa Kijapani. Haukuwa mkahawa wa kuingia ukiwa na njaa. Walipika kaiseki, yaani mlo wa vyakula vidogo vidogo vinavyoletwa kimoja baada ya kingine kwa utaratibu wake, vikifuata kile ambacho msimu umeleta. Akina mama kanisani walisema ni maringo. Mmoja alisema waziwazi kwamba pesa ile ingelisha nyumba nzima ya wageni waliotoka kambi za wakimbizi. Matroni alikuwa mbele yake anakunja shuka za masomo. Aliendelea kukunja.

Nilipofaulu mtihani, aliniambia nivae nguo ya heshima Jumamosi, na nisijipulizie manukato.

Mkahawa ulikuwa katika jengo la zamani la matofali, si mbali na mto. Hapakuwa na bango, ila pazia la kitambaa mlangoni. Ndani kulikuwa na kaunta moja ndefu ya mbao na viti kumi, na nyuma yake mpishi mwenyewe, Mjapani wa makamo, kichwa kimenyolewa, mtu asiyesema sana. Na yeye pia alimwita Matroni, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha.

Cha kwanza kilicholetwa hakikuzidi kifuniko cha soda kwa ukubwa. Nikakitupa mdomoni kikaisha. Nilipogeuka, Matroni alikuwa bado anakitazama chake. Hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba vingine viko njiani na hakuna wa kuninyang'anya. Basi nikaanza kumwiga. Ikaja supu kwenye bakuli jeusi lenye kifuniko, kisha samaki mbichi aliyekatwa mwembamba hata ukaona rangi ya sahani chini yake, kisha samaki aliyevuliwa katika maziwa ya huku huku Minnesota akachomwa, ngozi yake ikilia kidogo chini ya meno. Kati ya kimoja na kingine tulikaa tu. Mara mbili nilitaka kuzungumza ili kujaza kimya, na mara zote mbili nikaona hakuna pengo la kujaza.

Nilikuwa na hakika nitarudi nyumbani na njaa. Lakini mwisho kabisa ukaja wali, na achari, na supu nyingine nzito ya maharagwe, na mpishi akasema wali unaongezwa. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Nilimwangalia Matroni kwa jicho la pembeni, nikitarajia ile sura yake ya darasani, lakini alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Mtu asiyeongeza wali simwamini," akasema.

Ni katika gari, tukirudi, ndipo aliponieleza. Zamani kidogo alimuuguza bibi kizee mmoja mpaka akafa, na watoto wa yule bibi, badala ya kumpa kadi na maua, walimpeleka pale kumshukuru. Alidhani watamaliza baada ya nusu saa awahi zamu. Wakakaa zaidi ya saa mbili, na katika muda wote ule hakuna kengele iliyolia, hakuna aliyemwita.

"Kila kitu kilikuja nikiwa tayari," aliniambia. "Si kabla, si baada. Nimelisha watu miaka thelathini, na sikuwahi kujua anayelishwa vizuri anasikia nini."

Kisha akaniambia habari ya mzee mmoja, mkulima, aliyekuwa mgonjwa wake. Koo lake liliharibika, na daktari akaagiza kwamba kila anachokunywa kitiwe unga wa kukifanya kizito kama asali, kisije kikaingia mapafuni. Yule mzee hakutaka chochote duniani isipokuwa kahawa, kahawa ya kawaida, nyepesi, ya moto. Siku moja mgeni wake akamletea. Matroni akaingia, akakikuta kikombe kimefika karibu na mdomo, akakichukua. Amri ilikuwa amri, naye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine waitii. Mzee alifariki wiki ile ile, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Yeye akafungua redio.

Kiharusi kilimpata Matroni miaka michache baadaye, mwezi wa Oktoba, asubuhi, akifunga viatu vya kazi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, maneno yakawa yanatoka moja moja na kwa taabu, na koo likawa haliaminiki. Alipotoka hospitali aliletwa katika nyumba ya wazee niliyofanya kazi mimi. Mwanawe wa pekee, aliyeishi mji jirani wa Savage na kusimamia zamu katika ghala kubwa la Shakopee, alikuja kila jioni na sare yake ya kazi, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa.

Chakula chake kilikuwa kile nilichokijua vizuri, kimesagwa chote, kimechotwa kwa kijiko cha aiskrimu. Donge la kahawia ni nyama, la kijani ni mboga, jeupe ni viazi. Mimi ndiye niliyemlisha. Niliketi, nikazima televisheni, nikatazama koo, nikafanya yote aliyonifundisha. Matroni alinitazama kwa upole akafumba midomo. Siku ya kwanza nilidhani amechoka. Kufikia Krismasi pete yake ilikuwa inaanguka kidoleni, na daktari akataja mpira wa kulishia tumboni. Matroni alitikisa kichwa. Daktari akamgeukia mwanawe, na mwanawe akasema atafikiri.

Siku yangu ya mapumziko nilienda Minneapolis. Sikuwa na mpango. Nilimkuta mpishi akipanga mboga, nikamweleza hali ya Matroni, nikatoa mkobani kopo la ule unga tunaotia kwenye vinywaji. Nilitia maji kikombeni, nikakoroga, nikamwonyesha jinsi yanavyopaswa kuteremka kutoka kwenye kijiko. Alinitaka nirudie mara tatu. Kisha akaenda nyuma, akaja na chupa ya mabonge meupe kama chaki. Aliniambia ni wanga wa mzizi fulani, na kwao hutumiwa tangu zamani kuufanya mchuzi uwe mzito uushike moto. Akauliza Matroni anatumia mkono gani sasa. Nikamwambia wa kushoto. Akaandika, kisha akasema nimlete.

Mtaalamu wetu wa matatizo ya kumeza aliposikia, aliuliza maswali mengi, akaonja sampuli niliyoletewa, akasema kama vyote vitakuwa laini namna ile, na mgonjwa ameketi wima, hatazuia. Aliyebaki ni mwanawe.

"Dada, hapana," aliniambia, tukiwa mle chumbani kwa Matroni. "Akipaliwa je? Mama si mtu wa kufanyiwa majaribio."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mimi pia nilikuwa nayo, kwa sababu akipaliwa ni mimi nitakayeulizwa, na cheti changu ndicho kilicholisha nyumba yangu. Nilianza kumwelewesha kuhusu wanga na vipimo. Ndipo tuliposikia sauti kutoka kitandani.

"Nina njaa," Matroni akasema.

Katika miezi mitatu hakuwahi kulisema neno hilo. Mwanawe aliketi. Baada ya muda akauliza ni siku gani.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo mkahawa hufungwa, saa nane mchana. Baridi ilikuwa ile ya kuunganisha kope. Mpishi alikuwa ameondoa theluji mwenyewe na kulaza ubao mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite. Matroni alikuwa ndani ya gauni la buluu, sasa limempwaya, nimelibana mgongoni kwa pini. Mwanawe alivua kofia akasimama katikati ya chumba, hajui aishike wapi.

Nilidhani tutaletewa sisi chakula chetu na Matroni chake. Haikuwa hivyo. Sote watatu tuliletewa vile vile, kwa vyombo vile vile, na hapakuwa na sahani ya mgonjwa. Cha kwanza kilikuwa kitu cha ufuta, cheupe, cha mraba, kilichotetemeka ukikigusa na kuyeyuka kikifika ulimini. Kwa Matroni kila kitu kiliwekwa kuelekea mkono wa kushoto. Nilinyoosha mkono nichukue kijiko chake, kama nilivyofanya kila siku. Akanitazama. Nikaurudisha mkono mapajani.

Alikula polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Tone lilimwanguka kidevuni akalipangusa mwenyewe. Ikaja supu, imetiwa ule wanga, inang'aa, na harufu yake ikamfanya afumbe macho kabla ya kuigusa. Akaja samaki, aliyepondwa akachujwa akatengenezwa tena kwa umbo la minofu, na hapo ndipo alipokohoa.

Kikohozi kile nakijua. Mwanawe alishaondoka kitini. Mimi nilikuwa nyuma ya Matroni, mikono tayari. Mpishi alisimama na kisu mkononi, uso umekufa. Matroni akainua mkono wa kushoto, kiganja kikitutazama, kama alivyofanya darasani tulipopiga kelele. Akainamisha kidevu. Akameza. Akangoja. Akameza tena. Akavuta pumzi ndefu iliyoingia safi, nikaisikia kwa masikio yangu. Kisha akamwelekezea mpishi kidole, akimaanisha aendelee na kazi yake.

Mwanawe alirudi kitini, akafunika uso kwa kofia, na mabega yakawa yanatikisika. Chakula kilichofuata kilipokuja alikuwa ameshajipangusa, akala.

Vikafuata tanipu iliyokunwa na kuchemshwa kwa mvuke, uji wa wali uliochujwa mpaka ukawa kama hariri, na mwisho tunda la rangi ya machungwa, limesagwa na kugandishwa. Matroni alimaliza vyote. Hata uji aliongeza. Nilipokuwa namfunga koti alinishika mkono, akawa anatafuta maneno. Nilidhani anataka kunishukuru.

"Yule mzee," akasema. "Kahawa."

"Nakumbuka, Matroni."

"Ningekaa naye," akasema. Ilimchukua muda kulifikisha neno hilo. "Ningekaa tu."

Mpira haukutajwa tena. Mpishi alinipa chupa ya wanga na kunifundisha kupika mchuzi wa mwani na samaki mkavu, na mpishi wa pale kazini akaniachia jiko moja. Matroni hakupona. Alinenepa kidogo, pete ikakaa kidoleni, na majira ya joto mwanawe akamchukua kwake Savage, kwenye chumba cha chini chenye dirisha linalotazama bustani. Wajukuu walimsalimu kwa Kiingereza, yeye akawajibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona shida.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa mazungumzo ilikuwa Mei ya mwaka uliofuata. Sasa alikuwa akichukua vijiko viwili vitatu tu kwa siku, na hakuna aliyemlazimisha. Juma moja kabla ya hapo alikuwa ameniagiza niende nikale mlo wa msimu, peke yangu, kisha nije nimweleze. Nikaenda. Nilikaa pale kaunta nikiwa na haya, nikajikuta nakula harakaharaka, halafu nikatulia.

Nilivuta kiti karibu na kitanda, nikaanza. Nilimweleza vile vichipukizi vya msituni vilivyojikunja, vilivyokaangwa vikaliwa kwa chumvi. Nikamweleza samaki mbichi, idadi ya vipande, na jinsi sahani ilivyokuwa ya kijani. Nikahamia kwa samaki wa kuchoma. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, nikadhani amesinzia.

"Umeruka supu," akasema.

Nilikuwa nimeiruka makusudi. Ilipoletwa, simu ya kazini ililia, nikatoka nje kuipokea, na niliporudi ilikuwa imepoa. Niliinywa kwa mkupuo mmoja, kama dawa. Nilimwambia hivyo, bila kujitetea, nikangoja anikaripie.

Nje mtu alikuwa anakata nyasi. Kisha mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya blanketi, vidole vikakusanyika, vikainua kitu kisichokuwepo.

"Kifuniko," akasema. "Kwanza kinakataa kufunguka. Unabana bakuli. Kidogo."

Akapumzika.

"Mvuke. Usinywe bado."

Akanieleza donge la samaki lilivyo jeupe katikati, na chipukizi la mwanzi pembeni, na jani moja dogo juu, la kijani kibichi, ambalo haliliwi kwanza bali hunuswa. Lilikuja neno, kikaja kimya, likaja neno. Mara mbili alikosa jina la kitu, nikalijua, lakini sikumpa. Nililitazama koo lake likipanda na kushuka, nikangoja kila neno literemke ndipo lije jingine, na mashine ya kukatia nyasi ilikuwa imeshanyamaza kitambo tulipofika chini ya bakuli.